Kumtafuta Mbebaji wa Siri wa Taifodi: Mwongozo kwa Afisa Afya na Msimamizi wa Jiko

Homa ya matumbo, ambayo wengi wetu tunaiita taifodi, huja kwa namna mbili. Ipo inayokuja kwa kishindo: mvua kubwa imenyesha, bomba limepasuka karibu na mtaro, na ndani ya wiki chache zahanati imejaa. Na ipo inayodondoka polepole kama koki mbovu: mwanafunzi mmoja mwezi Machi, wawili mwezi Juni, kimya mpaka Septemba, kisha mwalimu na mtoto wake. Maji yamepimwa na yako salama, vyoo vimesafishwa, lakini ugonjwa unarudi. Mwongozo huu unahusu namna hii ya pili, ambayo nyuma yake mara nyingi yupo mtu mmoja mwenye afya njema, anayeamka alfajiri kwenda kazini bila kujua kwamba amebeba vimelea.

Nimeuandika nikiwa na shule ya bweni akilini, kwa kuwa huko watu mamia hula kutoka sufuria moja na orodha ya walaji ipo tayari kwenye daftari la mahudhurio. Hata hivyo hatua ni zilezile kwa hospitali, kambi ya ujenzi, hoteli ndogo ya stendi au familia kubwa inayomtegemea mpishi mmoja.

Mbebaji ni nani

Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, hana makao ya kudumu isipokuwa mwili wa binadamu. Haishi ndani ya ng'ombe, wala kuku, wala panya. Kwa hiyo kila mgonjwa unayemwona amemeza kitu kilichochafuliwa na kinyesi au mkojo wa mtu mwingine, na kazi yako ni kujua mtu huyo ni nani na uchafu ulipita wapi.

Kati ya watu 100 wanaougua taifodi, kiasi cha 2 hadi 5 huendelea kutoa vimelea kwa zaidi ya miezi 12 baada ya kupona. Hao ndio wabebaji wa kudumu. Wapo wengine wengi zaidi wanaotoa vimelea kwa wiki au miezi michache tu kisha wakasafika wenyewe. Makao makuu ya vimelea hivyo ni mfuko wa nyongo, hasa ukiwa na vijiwe, kwa maana bakteria hujijengea utando juu ya kijiwe na dawa haiupenyi kwa urahisi. Ndiyo sababu wanawake, watu waliovuka miaka 40 na wenye vijiwe vya nyongo huonekana zaidi katika kundi hili. Sijasema wanaume na vijana wamesalimika. Nimesema tu mahali pa kutazama kwa makini.

Huku kwetu lipo jambo la ziada ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali hulipitia juujuu. Palipo na kichocho cha kibofu, kama Pemba na Unguja, pwani ya Kenya na maeneo ya Kanda ya Ziwa, bakteria wa taifodi hujishikiza kwenye minyoo ya kichocho na kutoka kupitia mkojo kwa muda mrefu. Afisa anayekusanya choo tu na kuacha mkojo katika maeneo hayo anaweza kumpita mbebaji mlangoni.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ni taifodi kweli

Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na ndiyo inayorukwa zaidi. Katika maabara nyingi za mitaani mtu mwenye homa hupimwa Widal, kipimo kilichoanzishwa na Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896, kisha huambiwa ana taifodi na kupewa dawa. Widal hupima kingamwili, na katika nchi ambayo watu wengi wamekwisha kukutana na bakteria wa jamii hii, kingamwili hizo zinaweza kuwepo bila ugonjwa wa leo. Malaria nayo inaweza kukidanganya. Ukianza kumsaka mbebaji kwa kutegemea orodha ya majibu ya Widal, utakuwa unafuata nyayo za wagonjwa ambao nusu yao walikuwa na kitu kingine kabisa.

Kinachotakiwa ni angalau wagonjwa wawili au watatu waliothibitishwa kwa kuotesha damu maabara, yaani kuwakuza bakteria waliomo mpaka waonekane. Damu ichukuliwe kabla ya kuanza antibayotiki, na kwa mtu mzima isipungue mililita 8 hadi 10, kwa sababu bakteria katika damu huwa wachache. Hata ikichukuliwa vizuri, kipimo hiki hunasa takriban nusu tu ya wagonjwa au zaidi kidogo, kwa hiyo jibu safi kwa mgonjwa mmoja lisikukatishe tamaa. Waombe wahudumu wa maabara wakutunzie vimelea walivyovipata. Baadaye utavihitaji kuvilinganisha na vya mbebaji.

Hatua ya pili: Tengeneza orodha na kalenda

Chukua daftari, si karatasi moja moja. Kwa kila mgonjwa andika umri, jinsia, bweni au nyumba, darasa au kazi, tarehe ya homa ya kwanza, tarehe ya kufika zahanati, kipimo alichofanyiwa na jibu lake. Rejesta ya wagonjwa wa nje itakupa sehemu ya habari hizo, lakini haitakupa tarehe ya homa ya kwanza, na hiyo ndiyo nguzo ya kazi yote. Mgonjwa wa kwetu hafiki zahanati siku homa inapoanza. Kwanza anameza panado, kisha anameza dawa ya malaria, kisha mama anamchemshia mwarobaini, na siku ya tisa ndipo anapoletwa. Rejesta itaandika siku ya tisa. Muulize: homa ilianza siku gani, palikuwa na tukio gani shuleni, ulikuwa mtihani, Ijumaa, siku ya kutembelewa na wazazi?

Kutoka siku hiyo rudi nyuma. Kwa kawaida taifodi hukaa mwilini siku 8 hadi 14 kabla ya homa kuanza, lakini inaweza kukaa siku chache kama 6 au nyingi kama 30. Tuseme homa ya mwanafunzi ilianza tarehe 20 Juni. Alimeza vimelea kati ya tarehe 21 Mei na 14 Juni, na kipindi kinachotiliwa shaka zaidi ni tarehe 6 hadi 12 Juni. Chora mstari wa penseli kwenye kalenda kwa kipindi hicho. Fanya hivyo kwa mgonjwa wa pili, wa tatu, wa nne. Mahali mistari inapolaliana ndipo unapouliza: nani alikuwa jikoni siku hizo? Nani alikuwa ameingia karibuni?

Namna hii ya kuhesabu ndiyo iliyomfichua mbebaji maarufu kuliko wote. Mwaka 1906 watu 6 kati ya 11 waliugua taifodi katika nyumba ya kupanga huko Oyster Bay, karibu na New York. Mhandisi wa usafi George Soper aliajiriwa kuchunguza. Maji yalikuwa safi, maziwa safi, na kwa muda aliwashuku hata chaza waliouzwa na bibi mmoja wa pwani ile. Ndipo alipogundua kwamba familia ilibadilisha mpishi tarehe 4 Agosti, na mgonjwa wa kwanza akaanza homa tarehe 27 Agosti: wiki tatu na ushei. Mpishi huyo, Mary Mallon, mzaliwa wa Ireland, alikuwa amekwisha kuondoka. Soper alipofuatilia waajiri wake wa nyuma, kati ya familia 8 alizozipata, 7 zilikuwa zimeguswa na taifodi.

Hatua ya tatu: Usiruke maji

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, ondoa shaka ya maji. Pima klorini inayobaki kwenye bomba la mwisho, si kwenye tangi. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Angalia umbali wa kisima na choo, na uulize maji ya kunywa yalitoka wapi siku ambazo bomba lilikauka, maana siku hizo watu huchota popote. Mlipuko wa Kampala mwaka 2015, uliokuwa na maelfu ya wagonjwa walioshukiwa, ulihusishwa na maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Kumsaka mbebaji mmoja katika hali kama ile kungekuwa kupoteza nguvu.

Lakini maji na mbebaji havitengani daima. Mwaka 1937 mji wa Croydon, Uingereza, ulipata mlipuko ulioua watu 43. Kisima cha umma kilikuwa kinafanyiwa matengenezo, uchujaji na utiaji wa klorini vilikuwa vimesimamishwa huku maji yakiendelea kwenda kwa wananchi, na mmoja wa mafundi waliokuwa wakiingia kisimani alikuwa mbebaji. Kwa hiyo orodha yako ya watu isiishie jikoni. Aliyechimba kisima, aliyeosha tangi na anayejaza madumu wote waingie humo.

Hatua ya nne: Fuata chakula mpaka kwenye mkono

Moto huua vimelea vya taifodi. Ugali uliotoka jikoni ukifuka moshi, maharage yaliyochemka saa mbili na uji wa moto havina hatia, hata kama vimepikwa na mbebaji. Kilichoguswa baada ya moto, au kisichopita motoni kabisa, ndicho cha kuulizia: kachumbari, embe na tikiti lililomenywa na kukatwa, juisi ya ukwaju au ya pasheni, barafu za vifuko, maziwa mabichi, wali uliopoa ukachotwa kwa mkono. Soper naye alihangaika na swali hili, kwa maana vyakula vingi vya Mary Mallon vilipikwa vikaiva. Jibu alilipata kwenye aiskrimu iliyochanganywa na vipande vya pichi mbichi, tunda lililomenywa kwa mikono na kugandishwa bila kuonja moto.

Kaa jikoni tangu alfajiri mpaka vyombo vya usiku vinapooshwa, siku mbili ikiwezekana. Usiulize tu nani anapika. Mpishi mkuu aliyeandikwa kwenye barua ya ajira huenda hagusi chochote ila mwiko, na anayekata kachumbari ni kibarua ambaye jina lake halipo popote. Andika kila mkono: anayepakua, anayemenya, anayeosha vikombe, anayeleta maziwa kwa baiskeli, mke wa mlinzi anayeuza maandazi na ubuyu kwenye uzio, mwanafunzi wa zamu anayegawa matunda. Kisha andika walioondoka katika miezi sita iliyopita. Mbebaji anaweza kuwa ameacha kazi siku mgonjwa wa kwanza anapolazwa, si kwa hila, bali kwa sababu siku ni nyingi kati ya kumeza na kuugua.

Hapo utaonyeshwa hati za afya zilizotundikwa ukutani. Nchini Kenya hati ya mhudumu wa chakula hudumu miezi sita kabla ya kupimwa upya, na taratibu zinazofanana zipo kwa majirani. Ziheshimu, lakini zisikufunge macho: hati iliyotolewa kwa sampuli moja ya choo iliyotazamwa kwa darubini inaweza kuonyesha minyoo na amiba, wala haisemi lolote kuhusu taifodi, kwa sababu darubini haiwezi kumtofautisha bakteria huyo na jamaa zake wa kawaida wa utumbo.

Hatua ya tano: Zungumza na watu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Soper aliingia jikoni alikokuwa Mary Mallon na, kwa maelezo yake mwenyewe, akamwambia kwamba anaeneza ugonjwa na kwamba anataka mkojo wake, kinyesi chake na damu yake. Mama yule alinyakua uma wa kukatia nyama, na Soper akakimbia. Baadaye alikuja daktari Josephine Baker akiwa na polisi, na mpishi akachukuliwa kwa nguvu. Mtu mzima asiyeumwa kichwa wala tumbo anaambiwa na mgeni kwamba yeye ni sumu; ungetarajia ajibu nini?

Kanuni ni tatu. Ongea na kila aliye kwenye orodha, hata yule usiyemshuku kabisa, kwa maswali yaleyale. Ongea na kila mtu peke yake, mahali ambapo mwenzake hasikii. Na usianze na choo. Mazungumzo na mpishi mwenye miaka hamsini na kitu huenda kwa mwendo huu:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, mama. Watoto wameugua, nasi tunazungumza na kila anayegusa chakula, kuanzia mwalimu wa zamu. Naomba nikuulize, umewahi kulala na homa ndefu?"

"Homa nani hajaugua?"

"Ile ya kukulaza wiki tatu, ukakonda, hata nywele zikapukutika baadaye."

Mama ananyamaza kidogo. "Hiyo niliipata nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Tulikuwa Morogoro."

Swali la nywele si la mapambo. Homa kali ya muda mrefu hufuatwa na kupukutika kwa nywele baada ya wiki kadhaa, na mtu aliyesahau jina la ugonjwa halisahau jambo hilo. Endelea hapo taratibu: je, kuna mtu nyumbani, mume, mtoto au mpangaji mwenza, aliyewahi kuugua taifodi? Alifanya kazi wapi kabla ya hapa, na huko waliugua? Hupata maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula chenye mafuta? Amewahi kuambiwa ana vijiwe vya nyongo? Amewahi kukojoa damu, sasa au utotoni? Jibu la "hapana" kwa yote halimwondoi mtu kwenye orodha, kwa kuwa wabebaji wengine hawakumbuki kuugua. Linampanga tu nyuma ya foleni.

Hatua ya sita: Chukua sampuli, tena na tena

Mbebaji hatoi vimelea kila siku. Mary Mallon alipokuwa amezuiliwa, sampuli zake 163 zilipimwa na 120 tu zikakutwa na vimelea. Wakati uleule maabara binafsi aliyoitumia yeye mwenyewe ilimpa majibu safi, na hilo lilimwaminisha kwamba anaonewa. Kwa hiyo sampuli moja safi haina maana. Chukua angalau tatu kwa kila mtu, kwa siku tofauti, na mtu awe hatumii antibayotiki. Uliza swali hili kwa upole, maana wapo wanaomeza vidonge viwili vya dukani asubuhi ya kipimo ili "wasafishe tumbo", na wapo waliopewa dawa za jino wiki iliyopita ambao hawazihesabu kuwa dawa.

Choo chenyewe ni bora kuliko pamba iliyopitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Kikopo kiwe na mfuniko wa kuzungusha, kiandikwe namba badala ya jina, tarehe na saa, na kifike maabara ndani ya saa mbili. Ikiwa maabara iko mbali, tumia chombo cha kusafirishia chenye Cary-Blair, yaani rojo linalohifadhi vimelea njiani, kikae kwenye kisanduku cha baridi. Palipo na kichocho, ongeza mkojo. Mwambie fundi maabara waziwazi kwamba unatafuta Salmonella Typhi kwa mbebaji, ili aanze kwa kukuza vimelea kwenye selenaiti kisha aoteshe kwenye agari ya bismathi salfaiti, ambako makoloni yake hutoka meusi yenye mng'ao wa chuma. Usipomwambia, atatafuta cha kawaida na kukujibu cha kawaida.

Niseme jambo ambalo halimo kwenye fomu. Niliwahi kupokea vikopo vinne kutoka jiko moja, vyote vya rangi moja, uzito mmoja na harufu moja. Watu wanne walikuwa wamegawana choo cha mmoja wao aliyejiamini. Sikuwalaumu, kwani walidhani anayekutwa na kitu atafukuzwa. Tangu siku hiyo sampuli huchukuliwa zahanati, kwenye choo safi chenye mlango unaofungwa, asubuhi, na mhudumu wa jinsia moja akisubiri nje na si ndani. Ombi langu jingine ni kwamba mkuu wa shule awe wa kwanza kutoa sampuli, na jiko zima lijue.

Ikiwa watu ni wengi mno, zipo njia za kupunguza idadi. Kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya Vi, yaani gamba la nje la bakteria, huwa juu kwa wabebaji wengi wa kudumu, na kilikwisha kutumika kuchuja makundi makubwa ya wahudumu wa chakula kabla ya choo kuoteshwa. Kina mipaka yake: aliyepata chanjo ya taifodi naye atakuwa na kingamwili hizo, kwa hiyo uliza habari za chanjo kwanza. Mtu ambaye ushahidi wote unamwelekea lakini choo chake hakioti chochote anaweza kupelekwa hospitali ya rufaa achukuliwe majimaji ya nyongo kutoka utumbo wa juu.

Mahali penye mabomba ya majitaka ipo njia nyingine ninayoipenda kwa ujanja wake. Miaka ya 1940 mtaalamu wa bakteria Brendan Moore alifunga kitambaa cha shashi kwenye waya na kukitumbukiza ndani ya majitaka kwa siku kadhaa, kisha akakiotesha. Kilipotoa vimelea, alihamia kwenye maungio ya juu yake, tawi baada ya tawi, mpaka akaufikia mtaa na hatimaye nyumba. Alikuwa anafuata paratifodi, ndugu wa taifodi, huko kusini mwa Uingereza. Kwa vyoo vya shimo njia hii haina kazi, lakini katika shule, hospitali au mtaa wenye bomba kuu ni shashi na waya tu, na hakuna anayeombwa kikopo.

Mbebaji akipatikana, vimelea vyake vilinganishwe na vile ulivyoomba vitunzwe. Wakati mwingine mbebaji yupo kweli na si yeye aliyewaambukiza wanafunzi.

Hatua ya saba: Ukimpata

Mwambie yeye kwanza, peke yake, kabla ya mwajiri. Mweleze kwamba hana kosa, kwamba hakuna aliyejua, na kwamba ipo tiba. Kisha mwondoe kwenye chakula siku hiyohiyo, lakini usimwondoe kazini. Ghala la vifaa, bustani, usafi wa mabweni, ulinzi wa geti: shule haikosi kazi isiyogusa chakula wala maji ya kunywa, na mshahara ubaki uleule. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo New York iliposhindwa. Mary Mallon aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika. Alipewa kazi ya dobi, ambayo malipo yake yalikuwa duni kuliko ya upishi. Akapotea, akabadilisha jina akawa Mary Brown, na mwaka 1915 akakutwa jikoni mwa hospitali ya wazazi ya Sloane baada ya watu 25 kuugua na 2 kufa. Alirudishwa kwenye kisiwa cha North Brother na kukaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938. Uingereza nayo iliwaweka wabebaji wanawake katika hospitali ya Long Grove, Epsom, wengine kwa maisha yao yote. Hakuna afisa wa leo anayepaswa kuutazama utaratibu ule kama mfano.

Tiba ni kazi ya daktari, lakini afisa anapaswa kujua sura yake ili ajue cha kufuatilia. Ikiwa vimelea havina usugu, siprofloksasini ya miligramu 750 mara mbili kwa siku kwa siku 28 huwasafisha wengi wa wabebaji. Tatizo ni kwamba usugu dhidi ya kundi hili la dawa umeenea, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa hiyo majibu ya usugu yasomwe kabla ya kuandika dawa. Penye usugu na pale ampisilini au amoksisilini bado inafanya kazi, hutumika kwa dozi kubwa kwa takriban wiki sita. Apigwe altrasaundi ya mfuko wa nyongo. Akiwa na vijiwe, dawa peke yake mara nyingi hushindwa, na upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo huzungumzwa, ingawa nao haumhakikishii kila mtu usafi. Mwenye kichocho atibiwe kichocho kwanza kwa prazikwanteli. Bila hivyo antibayotiki inapita huku minyoo ikiendelea kuhifadhi vimelea.

Watu wa nyumbani kwake nao wapimwe. Na afundishwe kunawa kwa sabuni kila atokapo chooni, kucha zikiwa fupi, si kwa kuwa ni mchafu, bali kwa kuwa mkono ndio daraja pekee kati ya nyongo yake na sahani ya mtu mwingine.

Hatua ya nane: Ufuatiliaji

Utaratibu unaotumika sana kwa mhudumu wa chakula aliyeugua taifodi ni sampuli tatu mfululizo zilizo safi, zikiachana angalau kwa saa 24, zikichukuliwa si chini ya saa 48 baada ya dawa kuisha na si kabla ya mwezi mmoja tangu ugonjwa uanze. Moja ikitoka na vimelea, upimaji unarudiwa kila mwezi ndani ya miezi 12 mpaka tatu mfululizo zitoke safi. Kwa mbebaji wa kudumu aliyemaliza tiba, mimi hupendelea sampuli ziachane kwa mwezi badala ya siku, kwa sababu nyongo inaweza kunyamaza kwa wiki kadhaa kisha ikaanza upya. Andika tarehe zote kwenye kadi yake ya kliniki na kwenye daftari lako, na akihama wilaya apewe barua iliyofungwa ya kumkabidhi kwa afisa wa huko.

Chanjo haimsafishi mbebaji. Inamkinga yule anayekula alichokigusa, na kwa shule hilo lina thamani kubwa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 mwezi Julai 2025. Mahali chanjo ilipofika, uliza kadi. Mahali haijafika, jiko ndiyo kinga mliyo nayo.

Baki na kundi moja ambalo wengi hulisahau kwa furaha ya kumpata mhusika: wanafunzi waliougua katika mlipuko huu. Kila 100 kati yao wanaweza kuacha nyuma wabebaji wapya 2 hadi 5, ambao miaka ishirini ijayo watakuwa jikoni kwa watu wengine. Wapange kwa majina, chukua sampuli zao tatu kabla shule haijafungwa, na wale watakaotoka na vimelea wapewe barua ya kwenda kituo cha afya cha karibu na kwao, mzazi akiwa ameelezwa kwa mdomo siku anapokuja kumchukua mtoto.